Fundi wa Karatu Alipwe kwa Kutafuta, Si kwa Kubadilisha

Kifaa chochote cha nyumbani chenye kioo cha namba, vitufe vya kugusa au rimoti hubeba ndani yake kipande cha ubao mwembamba kilichojaa vitu vidogo vilivyolehemiwa, ambacho mafundi hukiita bodi ya pawa, na ambacho kazi yake ni kupokea umeme wa ukutani wa volti 230 na kuutoa ukiwa umeme mdogo wa volti 12 na volti 5, unaohitajiwa na sehemu za kifaa zinazopima, kuhesabu na kuamuru. Bodi hii ndiyo ya kwanza kukutana na kila baya linalopita kwenye nyaya, na kwa hiyo haishangazi kwamba friji ambayo kompresa yake ni nzima kabisa, au mashine ya kufulia ambayo mota yake ingedumu miaka mingi zaidi, huishia stoo kwa sababu ya ubao unaotosha kiganjani. Hoja ya makala haya ni kwamba mjini Karatu na katika vijiji vya Ngorongoro, kama ilivyo sehemu nyingi za Tanzania, kazi ngumu kuliko zote katika kuitengeneza bodi hiyo, yaani kutafuta kilichoiua, ndiyo kazi ambayo hakuna anayeilipia, na kwamba kasoro hiyo ya malipo huzaa matengenezo mabovu, hasara kwa wenye vifaa, na ukimya usiostahili kuhusu ubora wa umeme wenyewe.

Karatu iko takriban kilomita 140 kutoka jiji la Arusha, kwenye barabara ya lami inayopanda kuelekea lango la Hifadhi ya Ngorongoro, na kwa kuwa watalii wengi hulala hapo kabla ya kushuka kreta, mji huo una hoteli, loji na nyumba za wageni kuliko miji mingi ya ukubwa wake. Humo mna friji za vinywaji, mashine za kufulia mashuka, hita za maji na runinga za vyumbani, na nje ya barabara kuu ziko kaya za Rhotia, Endabash, Oldeani na Mang'ola, ambazo nguzo za mradi wa Wakala wa Nishati Vijijini, REA, zimezifikia na ada ya kuunganishiwa umeme kijijini ya shilingi 27,000 imezipa nafasi ya kununua vifaa ambavyo zamani vilionekana mjini tu. Kifaa kikizimika, njia zilizopo ni tatu: fundi wa mtaani, basi la kwenda Arusha, au kona ya stoo. Ubora wa njia ya kwanza ndio unaoamua ni vifaa vingapi vitaishia kwenye ya tatu.

Ili thamani ya kutafuta ieleweke, inafaa kuifuata njia ya umeme ndani ya bodi yenyewe. Umeme wa ukutani ni mkondo geu, yaani mkondo unaokwenda na kurudi mara 50 kwa sekunde, nao huingia kwanza kwenye fyuzi, kisha hupita mbele ya varista, kidonge bapa cha duara, mara nyingi cha buluu, ambacho hukaa kimya volti zikiwa za kawaida lakini hufunguka na kumeza umeme wa ziada volti zinapopanda kupita kiasi. Baada ya hapo daiodi nne, ambazo hupitisha umeme upande mmoja tu, huugeuza kuwa mkondo mnyoofu, na kapasita kubwa yenye umbo la kopo huuhifadhi, ikifanya kazi ileile ya simtanki juu ya paa la nyumba ya Karatu, ambalo hujaa maji yanapotoka na kuendelea kuyatoa yanapokatika. Katika kapasita hiyo volti si 230 tena bali takriban 325, kwa sababu namba 230 ni kipimo cha wastani wa nguvu ya mkondo geu, ilhali kapasita hujaa hadi kwenye kilele cha wimbi. Kutoka hapo transista moja, ikiongozwa na aisii (IC) ndogo ya miguu minane au pungufu, huukatakata umeme huo makumi ya maelfu ya mara kwa sekunde, transfoma ndogo huushusha, na upande wa pili daiodi na kapasita nyingine huusafisha hadi ukafaa kulisha relei, feni na kioo cha namba.

Jambo la kwanza ambalo fundi makini hulijua ni kwamba volti 325 hizo hazitoki kwa sababu tu plagi imechomolewa. Kapasita ya mikrofaradi 100 iliyojaa kiasi hicho ina nguvu ya kumrusha mtu mkono na kumwangusha kwenye ngazi au jikoni, na kwenye bodi iliyokufa hatari huongezeka badala ya kupungua, kwa kuwa sehemu iliyopaswa kuutumia umeme huo haifanyi kazi. Umeme huo hupimwa kwanza kwa mita, kisha hutolewa polepole kwa rezista yenye uwezo wa wati kadhaa, si kwa kugusanisha miguu yake kwa bisibisi, kitendo ambacho hupendwa kwa sababu ya cheche zake na ambacho huharibu kapasita na bisibisi kwa pamoja. Kwenye mashine nyingi za kufulia kuna hatari nyingine isiyoonekana, kwamba bodi zake hazina transfoma ya kutenganisha pande mbili, hivyo hata sehemu ya volti 5 imeungana moja kwa moja na umeme wa ukutani, na mtu anayeigusa kwa kuamini kuwa ni volti tano za chaja ya simu anaweza kupoteza maisha.

Baada ya usalama huja kusoma. Fyuzi yenyewe ni shahidi wa kwanza, na ushahidi wake uko katika namna ilivyokatika. Fyuzi ya kioo ambayo waya wake umekatika kwa utulivu katikati, kioo kikiwa bado cheupe, inaeleza mkondo uliozidi kidogo kwa muda, au hata uchovu wa miaka, ilhali fyuzi iliyopakwa masizi meusi na ya fedha kwa ndani, au iliyopasuka kabisa, inaeleza shoti kubwa iliyotokea kwa kufumba na kufumbua, na katika hali hiyo kuweka fyuzi mpya bila kutafuta shoti hiyo ni kuipasua ya pili. Varista iliyopasuka au kuacha alama ya moshi ubavuni inaeleza jambo mahususi zaidi. Vidonge hivyo huandikwa namba, na mara nyingi kwenye vifaa vya volti 230 husomeka 471, maana yake huanza kufunguka volti zinapokaribia 470. Hivyo kimoja kikikutwa kimeungua, kifaa hicho kilipewa umeme ambao hakikupaswa kupewa, na hilo halihusiani na uzee wake, chapa yake wala nchi kilikotengenezwa.

Kisha hufuata mita. Daiodi nne hupimwa moja baada ya nyingine, na ile nzima hutoa usomaji wa takriban nusu volti upande mmoja na kukataa upande wa pili, ilhali iliyokufa hupitisha kote kote. Transista ya kukatakata hupimwa vivyo hivyo, nayo ikikutwa na shoti kuna mtego ambao wengi huingia: transista hiyo inapokufa hufa na majirani zake, hasa aisii inayoiongoza na rezista ndogo ya chini ya omu moja inayopima mkondo wake, na fundi anayebadilisha transista peke yake huiona mpya ikipasuka katika sekunde ya kwanza ya kuwashwa. Ndiyo maana mafundi wa shule ya zamani hawawashi bodi moja kwa moja. Huunganisha balbu ya zamani ya nyuzi, ya wati 60 au 100, kwa mfululizo na bodi, ili umeme wote upite kwenye balbu kwanza. Balbu ikiwaka kwa nguvu na kubaki hivyo, shoti bado ipo na hakuna kilichoungua, lakini ikimulika mara moja kapasita inapojaa na kisha kufifia, bodi imepona au iko karibu kupona. Balbu hizo zimeanza kuwa adimu madukani tangu taa za LED zishike soko, na fundi mwenye busara huitunza yake kuliko anavyoitunza mita.

Lakini si kila bodi iliyokufa imeuawa na umeme mkubwa, na hapa ndipo kutafuta kunapotenganisha fundi na mbadilishaji. Karibu na aisii ya kuongoza kuna kapasita ndogo, kwa kawaida ya mikrofaradi 10 hadi 47, ambayo kazi yake ni kuipa aisii nguvu ya kuamka kifaa kinapowashwa. Kapasita za aina hii zina majimaji ndani, na kwa kanuni inayokubalika kwa wahandisi, kila nyuzi 10 za sentigredi zinazoongezeka kwenye joto lake hupunguza umri wake kwa nusu, kwa hiyo ile iliyopangwa mgongoni mwa transista ya moto hukauka mapema. Kifaa ambacho hakizimwi, kama friji, kinaweza kuendelea kufanya kazi kwa miezi mingi na kapasita hiyo ikiwa imekwisha kabisa, kwa kuwa kikishaamka hakiihitaji sana, lakini siku umeme ukikatika na kurudi, hakiamki tena. Mwenye friji huona jambo moja tu, kwamba umeme ulikatika na friji ikafa, na hukata shauri kwamba shirika la umeme, TANESCO, ndilo lililoiua. Friji mbili zinaweza kuzimika usiku mmoja katika mtaa mmoja, moja ikiwa na varista iliyopasuka na nyingine ikiwa na kapasita iliyokauka ya bei ya chini kuliko soda, na kwa macho ya wenye nazo zikawa na historia moja. Tofauti yake iko kwenye meza ya fundi tu, na fundi huyo asipolipwa kuitafuta hataitafuta.

Sababu za nje nazo zina sura yake katika maeneo haya. Mikoa ya kaskazini iko mbali na vyanzo vikuu vya umeme wa taifa, na Machi 2025 Rais Samia Suluhu Hassan, akiwa mkoani Kilimanjaro, alieleza mpango wa kununua umeme wa Ethiopia kupitia Kenya kwa ajili ya kaskazini akitaja upotevu unaotokea kwenye njia ndefu kutoka kusini, ingawa wakati huo Bwawa la Julius Nyerere lenye uwezo wa megawati 2,115 lilikuwa likikaribia kukamilika. Hata hivyo itakuwa kosa kulibebesha bwawa au njia kuu lawama ya kila bodi iliyoungua Karatu. Madhara mengi hutokea katika mita mia chache za mwisho, kati ya transfoma ya mtaa na soketi ya jikoni: waya mrefu unaolisha nyumba nyingi kuliko ilivyokusudiwa, mashine ya kusaga mahindi yenye mota ya fezi tatu ambayo kila inapoanza hushusha volti za jirani, au kiungo kilicholegea kwenye nguzo.

Kati ya hayo, lililo baya kuliko yote ni kukatika kwa nyutro, yaani waya wa kurudishia umeme. Nyumba za kawaida hupewa fezi moja na nyutro, na kati yake kuna volti 230, lakini kati ya fezi mbili kuna volti 400. Nyutro inayochangiwa na nyumba kadhaa ikikatika kwenye nguzo, nyumba za fezi tofauti hujikuta zimeunganishwa kwa mfululizo zikigawana volti 400, na ile yenye vifaa vichache vilivyowashwa hupata sehemu kubwa ya volti hizo, wakati mwingine karibu zote. Kilele cha volti 400 ni takriban 565, na kopo la kapasita lililoandikwa volti 450 halina namna ya kuvumilia. Hupasua kofia yake na kumwaga majimaji yenye harufu kali ambayo aliyeinusa mara moja haisahau. Dalili ya tukio hilo ni taa zinazong'aa kupita kawaida katika nyumba moja ya mtaa huku za jirani zikififia, na hatua sahihi ni kuzima swichi kuu mara moja na kupiga simu ya dharura, si kusubiri kuona kama itatulia. Kifaa cha kulinda friji kinachochomekwa ukutani husaidia hapo, kwa kuwa hukata volti zinapozidi au kupungua na kuchelewesha kurudisha umeme kwa dakika chache, ingawa relei yake ni nzito mno kuwahi mpigo wa radi.

Kule juu, kwenye kingo za kreta, kuna mambo ambayo hata wahandisi wa viwandani hawakuyapangia. Kingo hizo ziko kwenye mwinuko wa takriban mita 2,300, ilhali viwango vya kimataifa vinavyopanga umbali kati ya njia za shaba kwenye bodi huchukulia kwamba kifaa kitatumika chini ya mita 2,000, na baadhi ya vifaa vimeandikwa hivyo kwenye lebo ambayo hakuna anayeisoma. Sababu ni kwamba hewa nyepesi huzuia umeme kuruka kwa uwezo mdogo zaidi, na pia hupoza vibaya zaidi. Athari yake kwa mwinuko huo isitiwe chumvi, kwani hata kwenye mita 3,000 viwango hivyo hutaka umbali uongezwe kwa asilimia 14 tu, lakini ikichanganyika na ukungu unaoloweka kuta asubuhi nyingi na vumbi jekundu la kiangazi linalojikusanya ndani ya vifaa, utando huo wa unyevu na vumbi huwa njia ya umeme kati ya sehemu ambazo hazikupaswa kukutana. Mjusi kafiri anayetafuta joto nyuma ya friji humaliza kazi hiyo kwa mwili wake. Katika maboma na nyumba zinazotumia sola na inveta za bei nafuu tatizo ni jingine: inveta nyingi hazitoi wimbi laini la umeme bali ngazi zenye pembe kali, na vifaa vidogo ambavyo badala ya transfoma hutumia kapasita moja kupunguza umeme huvuta mkondo mwingi kupita kiasi vikilishwa wimbi la namna hiyo, vikaungua bila mvua wala radi.

Fundi anayeujua uwanja huu wote akikabidhiwa friji, huhitaji saa moja au mbili za kupima, kuuliza na kulinganisha kabla hajagusa kipuri. Lakini desturi ya malipo inasema kwamba kifaa kisipowaka hakuna hela. Desturi hiyo ina mantiki yake kwa mteja ambaye amewahi kutapeliwa, na haifai kudharauliwa, ila matokeo yake ni kwamba fundi hulipwa kwa kuwaka tu, na anayelipwa kwa kuwaka atatafuta njia fupi ya kuwasha. Njia hizo zinafahamika. Unyuzi wa shaba hufungwa mahali pa fyuzi, nao hauwezi kukatika hadi bodi au nyumba ianze kuungua. Varista iliyopasuka hung'olewa na mahali pake kuachwa wazi, kwa kuwa bila hiyo kifaa huwaka vizuri tu, na ni kweli huwaka, hadi mpigo unaofuata ambao sasa hauna wa kuumeza. Au bodi nzima hubadilishwa kwa nyingine iliyotolewa kwenye friji chakavu au kuagizwa Arusha na Dar es Salaam, mteja akalipa bei ya bodi, na bodi mpya ikafungwa kwenye ukuta uleule wenye nyutro ileile iliyolegea. Baada ya muda hurudi ikiwa imekufa kifo kilekile, na lawama huangukia ubora wa vipuri vya siku hizi.

Lawama hiyo wakati mwingine ni ya haki, kwa sababu kapasita bandia zenye maandishi makubwa na matumbo matupu zipo sokoni, na transista zilizofutwa namba na kuandikwa upya zipo pia. Vilevile vipo vifaa vya mtumba vilivyoingia nchini bila mtu kusoma lebo: kifaa kilichotengenezwa kwa soko la Japani hutarajia volti 100 na cha Marekani volti 120, na kama hakikuandikwa kwamba kinapokea volti 100 hadi 240, hufa siku ya kwanza kinapochomekwa kwenye soketi ya Tanzania. Lakini hata kubaini hayo ni kazi ya kutafuta, nayo imo katika zile saa mbili zisizolipwa.

Dawa yake si ngeni. Katika gereji nyingi nchini, mwenye gari hulipia kwanza kupimwa kwa gari lake kwa mashine ya kusoma hitilafu, na hulipia hata kama ataamua kulitengeneza kwingine, na Karatu, mji unaoishi kwa magari ya utalii, unaujua utaratibu huo vizuri. Ada ndogo ya kupima, inayotajwa kabla kifaa hakijafunguliwa na kukatwa kwenye gharama endapo matengenezo yatafanyika, ingemwezesha fundi kusema kweli hata pale ukweli unapokuwa kwamba kifaa hakistahili kutengenezwa. Pingamizi kwamba mwananchi wa kawaida hawezi kulipia habari mbaya lina uzito, ila mwananchi huyo tayari anailipia, tena kwa bei ya bodi nzima, anapouziwa ya pili na ya tatu. Kwa wenye loji zenye friji na runinga nyingi, hesabu hiyo haihitaji hata mjadala: fundi anayelipwa kila mwezi kupima soketi, viungo vya nyutro na nyaya za jenereta atawaokolea zaidi kuliko anayeitwa usiku kufufua maiti.

Ada lazima iambatane na jambo la pili, nalo ndilo linaloweza kubadilisha mengi zaidi: karatasi. Mafundi wengi wa elektroniki wa mtaani ni wasomi wa meza ya kazi, waliojifunza kwa kukaa na fundi mkubwa, na VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ina utaratibu wa kuwapima mafundi wa aina hiyo na kuwapa vyeti vya ujuzi walionao bila kuwarudisha darasani miaka kadhaa. Utaratibu huo ungekuwa na faida zaidi kama sehemu ya kipimo chake ingekuwa kuandika matokeo ya uchunguzi, kwa mistari mitano au sita: kifaa gani, kiliharibika lini na saa ngapi, fyuzi ilikutwa katika hali gani, varista ilikutwaje, sehemu zipi zilikuwa na shoti, volti za ukutani zilisomeka ngapi siku ya kurudisha kifaa. Hakuna lugha ya kitaalamu inayohitajika hapo kuliko ile ambayo mafundi huzungumza kila siku, na vipuri vilivyokufa vikitiwa kwenye mfuko na kukabidhiwa mwenye kifaa pamoja na karatasi hiyo, ulaghai nao hupungua, maana mfuko mtupu huonekana.

Sheria zimeanza kuelekea huko, ingawa kwa mlango mwingine. Mwaka 2021 Tanzania ilitunga kanuni za kudhibiti taka za vifaa vya umeme na elektroniki chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, na katika dunia ambayo kwa takwimu za Umoja wa Mataifa ilizalisha tani milioni 62 za taka hizo mwaka 2022, ni jambo la lazima. Lakini kanuni za taka huanza kazi pale kifaa kinapokuwa kimekwisha kufa. Umoja wa Ulaya ulikwenda hatua nyuma zaidi kwa kupitisha mwaka 2024 sheria ya haki ya kutengenezewa vifaa, ambayo nchi wanachama zilitakiwa kuanza kuitekeleza kufikia tarehe 31 Julai 2026, na inayowabana watengenezaji wa friji, mashine za kufulia na runinga wasiweke vikwazo vya kuzuia matengenezo bila sababu ya msingi. Fundi wa Karatu hanufaiki nayo moja kwa moja, ingawa kifaa cha mtumba kilichotoka huko kikiwa na vipuri vinavyopatikana kitamrahisishia kazi. Anachohitaji zaidi ni michoro ya bodi, ambayo watengenezaji huificha, na bila hiyo hulazimika kufuatilia njia za shaba moja moja kwa macho na mita, kazi inayoongeza zile saa ambazo hakuna anayezihesabu.

Lililo karibu zaidi ni haki ambayo mteja wa umeme anayo tayari. Sekta ya umeme nchini inaongozwa na Sheria ya Umeme ya mwaka 2008, na mteja mwenye malalamiko huyapeleka kwanza kwa mtoa huduma, na asiporidhika huyafikisha kwa EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji. Malalamiko ya vifaa kuungua ni magumu kuyathibitisha, kwa sababu mlalamikaji huja na friji iliyozima na simulizi ya usiku ule, na ofisa wa kaunta anaweza kujibu, pengine kwa haki, kwamba vifaa huzeeka. Kapasita iliyokauka ingethibitisha jibu la ofisa. Varista ya 471 iliyopasuka pamoja na kopo la volti 450 lililofumuka kofia vingethibitisha dai la mlalamikaji. Majirani watatu wa transfoma moja wakifika kaunta hiyo wakiwa na karatasi tatu za mafundi watatu tofauti, zenye tarehe moja, saa zinazokaribiana na varista tatu zilizopasuka zikiwa mfukoni, swali la uzee wa vifaa halina nafasi tena, na linalobaki ni nani apande kwenye nguzo kukaza nyutro kabla giza halijaingia.